Redio ya Biblia ya sola niliyomnunulia Mama: nimeipima kwa Mwanzo sura ya 34

Nilinunua redio hii ya Biblia mwezi Machi, kwenye duka la vitu vya ibada hapa Morogoro mjini, shilingi 70,000 baada ya kuvutana bei. Ni ya Mama. Yeye yuko Mahenge, na presha ya macho imemfikisha mahali ambapo hata Biblia yake ya maandishi makubwa ameifunga kwenye kitenge na kuiweka kabatini. Anasema herufi zinatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu. Kabla sijampelekea nilikaa nayo wiki tatu kwenye kibanda changu cha ushonaji, ikisoma mezani huku nakanyaga cherehani. Ninayoyaandika hapa nimeyasikia mwenyewe, mengine zaidi ya mara kumi.

Jina la kampuni silitaji, maana redio za namna hii ni nyingi na zinafanana mno. Yangu ni ya bluu, inaenea kwenye kiganja, mgongoni ina paneli ya sola na ubavuni tochi. Vitufe ni sita: kuwasha, sauti, kitabu mbele, kitabu nyuma, sura mbele, sura nyuma. Ukibonyeza, inataja jina la kitabu kabla ya kuanza kusoma, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu asiyeona. Ukiianika toka saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa kali, inasoma kama saa sita. Siku ya mawingu usitegemee hata nusu yake. Ukiifungulia sauti hadi mwisho inakwaruza, hasa wanaume wenye sauti nzito. Na huwezi kuruka hadi mstari unaoutaka. Umepitwa na neno moja, unarudi mwanzo wa sura. Kadi ya kwanza ilikuwa inagoma katikati ya kitabu cha Hesabu, nikairudisha, wakanibadilishia bila maneno.

Hayo ndiyo ya kifaa. Sasa usomaji wenyewe, ambao ndio nilioulipia.

Kila Biblia inayofika mkononi mwangu, ya kusoma au ya kusikiliza, naifungua kwanza Mwanzo sura ya 34. Wenzangu wa jumuiya wanajua, wengine huanzia Zaburi ya 23 au Injili ya Yohane na wananishangaa. Lakini sura ile ni ngumu kusomwa kwa sauti, na anayeisoma vibaya anaiharibu. Ina mistari 31 tu. Yakobo ametoka kwa mjomba wake Labani, amepatana na ndugu yake Esau, amefika mbele ya mji wa Shekemu katika nchi ya Kanaani, na amenunua kipande cha ardhi kwa wana wa Hamori kwa vipande 100 vya fedha. Ni mgeni aliyelipia kiwanja chake. Binti yake Dina, mtoto wa Lea, anatoka kwenda kuwaona wasichana wa nchi ile. Kijana wa mkuu wa mji, ambaye naye anaitwa Shekemu, anamwona, anamchukua, anamnajisi. Kisha anampenda, anamsemesha kwa upole, anamwambia baba yake: niombee huyu nimwoe.

Yakobo anapata habari. Ananyamaza mpaka wanawe warudi kutoka machungani.

Hamori anakuja kuposa. Kijana mwenyewe anasema, tajeni mahari yoyote mnayotaka na zawadi, nitatoa. Padri aliyetuongoza kwenye semina ya Biblia parokiani alituambia kwamba neno la Kiebrania pale ni mohar, ndugu kabisa wa neno letu mahari ambalo sisi tumelipata kwa Kiarabu. Nilikuwa nimekaa benchi la pili na daftari langu, nikaacha kuandika. Nimeshona nguo nyingi za sherehe za kutoa mahari, na nimeona wanaume wakiketi kuhesabu mbuzi na blanketi huku binti mwenyewe yuko chumba cha nyuma na shangazi zake. Sikuwa na haja ya kuelezwa kikao kile cha Shekemu kilivyokaa.

Basi hapo ndipo mtihani wa kwanza wa msomaji. Mstari wa 13 unasema wana wa Yakobo walijibu kwa hila. Mwandishi ametuambia mapema, kabla hawajafungua midomo. Sisi tunajua, Hamori hajui. Halafu yanafuata maneno yao: hatuwezi kumtoa dada yetu kwa mtu asiyetahiriwa, ni aibu kwetu; mkikubali kutahiri wanaume wenu wote tutaoana nanyi, tutakaa nanyi, tutakuwa watu wamoja; msipokubali tutamchukua binti yetu twende zetu. Programu niliyonayo kwenye simu ina msomaji mmoja, na akifika hapo anaunguruma kama simba wa kwenye hadithi za watoto. Amekosea. Hila haiungurumi. Mtu angeongea hivyo mbele ya Hamori, mji mzima ungelala na mikuki mkononi.

Redio hii imepatia. Imetengenezwa kama mchezo wa redio, kila mhusika na mtu wake, na kaka zake Dina wamepewa sauti ya kiume tulivu inayokwenda polepole, kwa adabu, kama mshenga aliyezoea kazi yake. Anapofika kwenye "aibu kwetu" anashusha sauti kidogo, kama mtu anayeona haya kulitaja jambo mbele ya wakwe. Mara ya kwanza niliposikia niliondoa mguu kwenye cherehani. Wanatumia tohara, alama ya agano ambalo Mungu aliagana na Abrahamu babu wa baba yao, kuwa chambo cha mtego, na msomaji analisema neno hilo kwa unyenyekevu kabisa. Yeyote aliyemwelekeza msomaji huyu alielewa alichokuwa anakifanya.

Jambo jingine walilofanya vizuri ni kumtumia msomaji mmoja wa Yakobo tangu ujana hadi kitandani kwake Misri. Sauti inazeeka sura kwa sura. Ukisikiliza kwa mfululizo unamsikia kijana yule yule aliyemwambia baba yake Isaka, kipofu, "mimi ni Esau". Neno la Kiebrania la hila kwenye sura ya 34 ni mirma, na ndilo alilotumia Isaka alipomwambia Esau kwamba ndugu yake amekuja kwa hila akachukua baraka yake. Na asubuhi ile Yakobo alipoamka na kumkuta Lea badala ya Raheli aliyemposa, alipomlalamikia Labani kwa nini amemdanganya, neno lake linatoka kwenye mzizi huo huo. Kwa hiyo kikao kile cha posa kina mzee mmoja anayeijua hila kwa pande zote mbili, ya kuitenda na ya kutendewa, na yuko pale pale wanawe wakijibu. Redio haikuweka chochote hapo, hata kikohozi. Nimeshukuru.

Hamori na mwanawe nao wana lao. Wanaporudi mlangoni pa mji kuwashawishi wanaume wakubali kisu, hawamtaji Dina hata kidogo. Wanasema watu hawa ni wa amani, nchi ni pana, tutaoa binti zao, na mifugo yao na mali yao, je, si itakuwa yetu? Wanaume wa mji wanatahiriwa kwa ajili ya ng'ombe, hawajui kuna binti wa watu amefungiwa ndani ya nyumba ya mkuu wao. Msomaji wa Hamori anaisoma hotuba hiyo kwa uchangamfu wa mtu anayenadi kiwanja, na ndivyo inavyotakiwa.

Siku ya tatu, wanaume wakiwa bado na maumivu, Simeoni na Lawi, kaka zake Dina wa tumbo moja, wanachukua kila mmoja upanga wake, wanaingia mjini, wanaua kila mwanamume. Wanamwua Hamori na Shekemu. Wanamtoa Dina katika nyumba ya Shekemu, wanaondoka.

Na hapa redio imeharibu, nasema bila kuficha. Kuanzia mstari wa 25 wameweka ngoma, vyuma na kelele za wanaume, na kelele hizo zinaendelea hadi mstari wa 29. Sasa mistari ya 27 hadi 29 si ya vita. Vita imekwisha. Ni mistari inayosema wana wengine wa Yakobo walikuja juu ya maiti, wakateka kondoo, ng'ombe, punda, vya mjini na vya mashambani, na watoto wao wote na wake zao wakawachukua mateka. Nilirudia sura mara nne kabla sijasikia vizuri "na wake zao", ngoma imelifunika neno. Hao ni akina mama wa Shekemu, na wasichana ambao pengine ndio Dina alitoka kwenda kuwaona siku ile. Wamechukuliwa kwa nguvu kutoka nyumbani kwao na wale wale waliosema dada yao ametendewa jambo lisilotendwa. Ukilifunika hilo kwa ngoma, msikilizaji anabaki na picha ya kaka wawili mashujaa, na Maandiko hayakuandikwa hivyo. Kama mtayarishaji angeniuliza, ningemwambia azime kila kitu kuanzia pale Dina anapotolewa nyumbani, asome kama mtu anayehesabu vyombo vya marehemu.

La pili: kwenye mstari wa 2 wameweka mwanamke analia. Kilio kifupi, kinazimwa. Baada ya hapo Dina hasikiki tena. Mstari wa 26, anapotolewa, tunasikia nyayo za wanaume tu. Kwa kweli ni mstari huo ndio unaotufahamisha kwamba muda wote huo, tangu posa, tangu hotuba ya mlangoni, hadi siku ya tatu ya maumivu, Dina alikuwa ndani ya nyumba ile. Kama uliona inafaa kumpa kilio mwanzoni, basi hapo mlangoni ndipo ilipotakiwa angalau pumzi yake. Au usimpe popote, kama Maandiko yenyewe yalivyofanya.

La tatu ni dogo, lakini linaniuma kila jioni. Sura inaishia kwa swali. Yakobo anawaambia wanawe: mmenitaabisha, mmenifanya ninuke kwa wenyeji wa nchi, nami watu wangu ni wachache, watanikusanyikia na kunipiga, nitaangamia mimi na nyumba yangu. Hesabu mara ngapi anajitaja, halafu tafuta alipomtaja Dina. Wanawe wanamjibu kwa swali moja, kama ilikuwa haki dada yao atendewe kama kahaba, na sura inakatika. Mzee hajibu. Mwandishi hajibu. Sasa redio inangoja kama sekunde mbili, halafu kinanda cha furaha, halafu sura ya 35. Baada ya swali lile hapatakiwi kinanda.

Nilimpelekea Mama mwezi Aprili. Nilifika usiku, vumbi la barabara ya Ifakara liko hadi kwenye kope. Kesho yake jioni nikaweka redio kwenye kigoda, yeye amekaa mkekani anachambua mchele kwa vidole, siku hizi anayajua mawe kwa kuyagusa. Nikamwekea sura ya 34 bila kumwambia kitu. Ilipoisha, kinanda kikaanza, akasema:

"Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha. Alisikiliza tena hadi mwisho, ungo mapajani.

"Huyo binti hawakumtafutia mtu wa kumsomea?"

"Hana maneno, Mama. Kwenye Maandiko hasemi kitu."

"Hata walipomtoa mle ndani?"

"Hata hapo."

Vidole vikaacha kutembea kwenye mchele. Mimi nimekua nikijua Mama ni kifungua mimba kwao. Jioni ile akaniambia alikuwa na mkubwa wake. Mama alikuwa bado mtoto mdogo wakati mwanamume mmoja wa ng'ambo ya mto alipomchukua dada yake kwa nguvu, na wajomba zangu wakamfuata wakampiga mpaka asiweze kusimama tena vizuri maisha yake yote. Kijiji kizima kiliwasifu. Ukatungwa wimbo wa kuvunia mpunga wenye majina yao. Wimbo huo nimeuimba mwenyewe utotoni nikiwa likizo kwa bibi, nikipiga makofi, sikujua unasema habari gani. Jina la mama mkubwa halimo. "Walimleta nyumbani wakashangilia," Mama akasema, "yeye akakaa jikoni." Alifariki kabla mimi sijazaliwa. Sitaandika zaidi ya hapo, ni mambo ya nyumbani na wajomba wana watoto.

Ila naandika hili kwa sababu linahusu redio. Nimesoma sura ile kwenye karatasi miaka mingi, na nimesikiliza msomaji mmoja wa kwenye simu mara nyingi, nikajua kwa akili kwamba Dina haongei. Padri alitufundisha. Lakini redio hii, kwa kumpa kila mtu msomaji wake, baba mtu, mwana, mkwe mtarajiwa, kaka, hata watu wa mlangoni, inamfanya mtu asiyeona amtafute aliyekosekana. Mama alimtafuta mara moja tu akajua hayupo. Hiyo ni sifa ya kifaa hiki na sitaki kuinyima kwa sababu ya ngoma zao.

"Wako wengine?" akaniuliza baadaye. Nikamwekea Samweli wa pili, sura ya 13. Ni Tamari binti Daudi, na Amnoni kaka yake wa mama mwingine aliyejifanya mgonjwa ili aletewe mikate na dada yake. Hapa tena hila imeanzia kitandani pa mgonjwa. Tamari anaongea. Anamwambia haitendeki hivi katika Israeli, usifanye upumbavu huu, na mimi aibu yangu nitaipeleka wapi? Neno la upumbavu ni lile lile la Kiebrania, nebala, lililotumiwa kwa ajili ya Dina. Na baada ya kutendewa, anapofukuzwa, anasema kumfukuza ni ubaya mkubwa kuliko ule wa kwanza. Msomaji wake ni mwanamke kijana mwenye sauti ya chini isiyotetemeka, na anasoma kama mtu anayejenga hoja mbele ya baraza. Kisha Absalomu, kaka yake wa tumbo moja, anamwambia: nyamaza sasa, ni ndugu yako. Kuanzia hapo sauti ile haisikiki tena kwenye redio, na safari hii wamepatia. Daudi anakasirika sana wala hafanyi kitu. Absalomu hasemi neno na Amnoni, jema wala baya, miaka miwili, mpaka sherehe ya kukata manyoya ya kondoo kule Baal-hasori, anapowaagiza watumishi wampige Amnoni akishalewa.

Mimi ni fundi, kwenye hadithi hizi macho yangu hufuata nguo. Yakobo alimdanganya Isaka akiwa amevaa mavazi ya Esau na ngozi za mbuzi mikononi. Wanawe wakamdanganya yeye kwa kanzu ya Yosefu iliyochovywa damu ya mbuzi. Kanzu ile ya Yosefu kwa Kiebrania ni ketonet passim, na vazi hilo linatajwa kwa mtu mmoja tu mwingine katika Maandiko yote ya Kiebrania: Tamari huyu, vazi la mabinti wa mfalme, alilolichana siku ile na kujitia majivu kichwani. Redio imeweka sauti ya nguo kuchanika. Walichana kipande cha pamba nyepesi, nimekijua kwa mlio. Vazi la binti wa mfalme lingelia kwa uzito zaidi na lisingekubali kwa mkono mmoja. Wachache watalisikia hilo, lakini mtu akichukua shilingi 70,000 za watu achane nguo inayofaa.

Wakatoliki wenzangu, hili mlijue kabla hamjanunua: redio hii ina vitabu 66, siyo 73. Mimi sikuuliza dukani, nikagundua baadaye nilipomtafuta Yudithi, ambaye kitabu chake ni kimoja cha vile saba visivyokuwemo. Na katika jambo hili hili Yudithi ana neno zito. Kwenye sura ya 9, kabla hajatoka kwenda kwenye kambi ya Holoferne, jemadari wa adui, na hila yake mwenyewe, anaomba kwa Mungu wa Simeoni baba yake, na anasema ni Mungu aliyempa Simeoni upanga wa kulipiza kisasi kwa wageni waliomvunjia msichana heshima. Yakobo naye, kitandani akikaribia kufa katika Mwanzo 49, anasema panga za Simeoni na Lawi ni silaha za jeuri, analaani hasira yao, anasema watatawanywa katika Israeli. Baba anamlaani Simeoni, mjukuu wa mbali anamshukuru Mungu kwa upanga wa Simeoni. Maandiko yanabishana kuhusu upanga ule, na anayesikiliza redio hii anapata upande mmoja tu wa ubishi.

Mimi mwenyewe, tangu jioni ile ya mchele, sina raha na upande wowote. Nawaelewa Simeoni na Lawi kwa sababu katika sura nzima ni wao peke yao wanaomaliza kwa kusema "dada yetu" wakati baba yao anahesabu maadui. Mtoto akidhulumiwa, awepo wa kukasirika. Kisha nasikia "na wake zao" chini ya zile ngoma na siwezi kuwashangilia.

Kwa mzee asiyeona, au kikundi kinachokutana pasipo umeme, redio hii inafaa na pesa haikupotea. Ijaribu dukani kabla hujalipa: peleka Mwanzo 34, fungua sauti nusu, sikiliza kama mstari wa 29 unaeleweka. Dai kadi yenye vitabu 73 kama unavihitaji. Na ishonee mfuko, vumbi linaingia kwenye vitufe. Wa Mama nimeushona kwa jinzi, mgongoni nimeacha dirisha la paneli, na juu ya kitufe cha sura nimefunga fundo la uzi aguse ajue.

Mama anasikiliza kwa mpangilio, haruki kitu, hata orodha za makabila. Jumatatu iliyopita alinipigia saa nne usiku, nikashtuka, nikadhani ni ugonjwa. Alikuwa amefika Yoshua sura ya 20, inapotajwa miji sita ya makimbilio, Shekemu ukiwa mmojawapo, ambako mtu aliyeua bila kukusudia anakimbilia ili mlipiza kisasi cha damu asimpate. Alitaka kuhakikisha kabla hajalala. Sura inayofuata mji huo huo unapewa Walawi, wana wa Lawi, wakae humo.

"Shekemu hii," akasema, "ni ile ile?"

"Ni ile ile, Mama."

Akakaa kimya kidogo, redio nikiisikia nyuma yake. Akasema basi, anazima, betri ibaki ya kesho.